Muda Uliopimwa kwa Unywele

Muuza madafu wa Kilindoni hakati, anachonga. Panga linashuka mara tatu tu: la kwanza linaondoa kijani, la pili linaacha kofia nyeupe, la tatu linafungua tundu la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia, na tone halimwagiki. Nilikuwa nimeshuka punde kisiwani Mafia kwenye boti ya Nyamisati, chumvi imenikaukia usoni. Nilipopokea dafu langu nikafanya kile ambacho mtu aliyefundisha fizikia miaka mingi hukifanya akiachwa peke yake na kinywaji: nikaanza kupiga hesabu.

Dafu lenye maji yanayokaribia nusu lita lina potasiamu gramu moja hivi. Katika kila gramu ya potasiamu, popote ilipo duniani, viini 31 hivi vya potasiamu 40 huvunjika kila sekunde. (Usilimwage dafu lako. Mwilini mwa mtu mzima vinavunjika zaidi ya elfu nne kwa sekunde, tangu enzi za babu wa babu zetu, na ndivyo tulivyoumbwa.) Vilivyo vingi kati ya hivyo 31 hugeuka kuwa kalisi. Lakini kimoja katika kila tisa au kumi hugeuka kuwa kiini cha argoni, na mara nyingi kiini hicho kinazaliwa hakijatulia. Kimebeba nishati ya ziada, kinatetemeka, na hakikai nayo. Baada ya sehemu moja na ushei ya trilioni ya sekunde kinaitema kama mwali wa gama, kisha basi, kimetulia moja kwa moja. Mara tatu hivi kwa sekunde, ndani ya dafu, mbele ya soko.

Sehemu moja ya trilioni ya sekunde inaitwa pikosekunde. Mwanga, ambao hauna mpinzani kwa mbio, katika muda huo unasogea sehemu tatu kwa kumi za milimita. Haujamaliza unene wa ukucha. Na wapo watu ambao kazi yao ya kila siku ni kuupima muda huo, kuuandika kwa tarakimu, na kuweka pembeni yake kiasi cha shaka kilichobaki. Hawafanyi hivyo kwa ajili ya saa. Wanachotafuta ni umbo. Kutoka kwenye muda ambao kiini kimechukua kutulia, wanajua kama kiini hicho ni duara, kimerefuka, kimebapa, au kimechongoka upande mmoja. Ufundi huo nimeushangaa tangu nikiwa mwanafunzi, na safari hii ya Mafia nilijiapiza niuandike.

Tuanze na umbo. Wengi wetu tulichorewa kiini ubaoni kama rundo la gololi nyekundu na nyeusi, protoni na nyutroni, limekaa duara. Mchoro huo haukuwa uongo, ulikuwa uvivu. Kiini cha risasi 208 ni duara kweli, kama nazi iliyofuliwa na kukwanguliwa nyuzi zote. Lakini viini vingi ni nazi yenye makumbi yake: vimerefuka upande mmoja, vina kichwa na kitako. Samariamu 152 iko hivyo, erbiamu 166 iko hivyo. Vingine vimebapa kama chungwa lililokaliwa. Radiamu 224 ina umbo la parachichi, pana chini na jembamba juu. Hilo lilionyeshwa mwaka 2013 katika maabara ya ISOLDE, huko CERN mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Wazo lenyewe la kiini kisicho duara lilipata nguvu kuanzia 1950, James Rainwater alipoonyesha kwa nini chembe chache za nje zinaweza kukivuta kiini kizima kikapoteza uduara wake. Aage Bohr na Ben Mottelson wakalijenga likawa nadharia kamili, na 1975 watatu hao wakapewa Tuzo ya Nobel.

Haya, lakini umbo na muda vinajuana vipi?

Jibu la swali hili sikulipata kitabuni. Nililipata kesho yake nilipovuka kutoka Utende kwenda Chole, kisiwa kidogo ambacho watu wake bado wanaunda vyombo chini ya miti, karibu na maji. Fundi mmoja alikuwa ameinama kwenye mashua iliyofika nusu: mkuku umelala, mataruma yamesimama kama mbavu za nyangumi, na mbao za chini zimeanza kupanda. Hana mchoro. Anafumba jicho moja, anatazama ubao kwa urefu wake, anapitisha kiganja, kisha tezo linaondoa unyoya mwembamba wa mti ambao mimi sikuwa nimeuona kuwa umezidi.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu kivulini.”

Nikamuuliza chombo kikubwa hushushwa vipi majini. Alicheka kidogo, kama mtu aliyeulizwa maji yako wapi naye yuko baharini. Siku ya kushua, alisema, mbao ni zilezile, uzito ni uleule, magogo ya kuteleza ni yaleyale. Mtu mmoja akivuta kamba, chombo kitamkuta hapo kesho na kesho kutwa. Watu arobaini wakivuta ovyo, kila mtu kwa wakati wake, nao watalala palepale. Mmoja akianzisha wimbo na wengine wakaitikia, wakavuta pamoja panapoangukia neno, chombo kinaondoka hata kabla wimbo haujakolea.

Basi fizikia yake ndiyo hiyo. Kiini kilichosisimka hutulia kwa kutoa gama, na gama hutolewa na chaji zinazosogea. Katika kiini duara, mara nyingi ni protoni moja au mbili tu zinazobadili mahali: mtu mmoja na kamba. Kutulia kunachelewa. Katika kiini kilichorefuka, protoni zote, au sehemu kubwa yake, zinazunguka pamoja kama mwili mmoja, na kuvuta kwao kunaangukia neno moja. Gama inatoka upesi, makumi ya mara upesi kuliko ambavyo protoni moja ingeweza, wakati mwingine mara mia na zaidi. Kadiri kiini kilivyorefuka, ndivyo wavutaji wanavyozidi, ndivyo chombo kinavyoondoka mapema. Ukipima muda, umewahesabu wavutaji. Ukiwahesabu wavutaji, umelijua umbo.

Sharti moja lakini, na hapa ndipo wanafunzi wangu walipokuwa wakipotelea. Kutulia kunategemea pia ukubwa wa nishati inayotolewa, na kunaitegemea kwa ukali wa kutisha: kasi hupanda kwa nishati yenye kipeo cha tano. Nishati ikiwa mara mbili, kasi inakuwa mara 32.

Chukua ndugu wawili, samariamu 150 na samariamu 152. Wote wana protoni 62. Wa pili amezidi nyutroni mbili tu, 90 badala ya 88. Hali ya kwanza ya msisimko ya huyu wa 150 iko kwenye kiloelektronivolti 334, na nusu-uhai wake ni pikosekunde 49 hivi. Yaani ukiwa na viini elfu vilivyosisimka, baada ya muda huo mia tano vitakuwa vimetulia. Ya yule wa 152 iko kwenye 122 tu, na nusu-uhai wake ni pikosekunde 1,400. Msomaji mwenye haraka atasema wa 150 ndiye aliyerefuka, maana ndiye aliyetulia mapema. Atakuwa amekosea. 334 ni mara 2.74 ya 122, na ukiipandisha 2.74 kwa kipeo cha tano unapata 155. Kama maumbo yangelingana, wa 150 angemtangulia mwenzake mara 155. Amemtangulia mara 29. Na hesabu bado haijakaa sawa, kwa sababu wa 152 ana mlango wa pili wa kutokea: zaidi ya nusu ya nyakati hatoi gama kabisa, anamkabidhi elektroni wa jirani nishati ile na elektroni ndiye anayeruka nje. Ukiuziba mlango huo kwa hesabu, pengo linakuwa mara 60. Ilitakiwa 155, imepatikana 60. Protoni za samariamu 152 zinavuta kwa nguvu zaidi ya mara mbili na nusu ya zile za ndugu yake. Nyutroni mbili zimetosha kuichukua nazi iliyokaribia uduara na kuirudishia makumbi.

Nimelikokotoa hili ubaoni mara nyingi na bado linanisisimua. Hakuna aliyekiona kiini. Hakuna darubini ya kukiona. Namba mbili za muda, namba mbili za nishati, na uangalifu wa kukumbuka mlango wa uani.

Sasa tuje kwenye kupima kwenyewe. Saa ya kuhesabu pikosekunde 49 huinunui dukani, na hata vifaa vya umeme vya kasi huanza kuchoka hapo. Mafundi wa kazi hii wakaamua kutoipima kama muda. Wakaigeuza umbali.

Watu wa pwani hawatashangaa. Ukimuuliza nahodha ni umbali gani mpaka mahali fulani, atakujibu kwa muda: nusu siku kwa upepo huu, siku nzima ukiwa wa mbele. Hawa wamefanya kinyume chake. Wanachukua karatasi ya metali nyembamba sana, wanaipiga kwa miali ya viini vilivyochapuliwa na mashine kubwa. Mgongano unazaa kiini kinachotafutwa, tayari kimesisimka, na teke la mgongano linakirusha mbele kwa kasi ya, tuseme, asilimia 3 ya kasi ya mwanga. Hiyo ni kilomita 9,000 kwa sekunde, au, tukirudi kwenye vipimo vyetu vidogo, maikromita 9 kwa pikosekunde. Mbele yake wanaweka karatasi ya pili, nene kiasi, mara nyingi ya dhahabu, ambayo kiini kikiigonga kinanasa na kusimama papo hapo. Unywele wa mtu una unene wa maikromita 70 au 80. Kuuvuka unywele kwa kasi hiyo ni pikosekunde 8. Sogeza karatasi ya pili unywele mmoja nyuma, umeongeza pikosekunde 8 kwenye saa yako. Samariamu 150, kwa nusu-uhai wake, ingesafiri kama nusu milimita.

Utajuaje kama kiini kimetulia kikiwa njiani au baada ya kunasa? Simama pembeni ya barabara ya Kilindoni kwenda Utende, usubiri bodaboda inayopiga honi bila kuacha. Ikikujia, sauti ni nyembamba. Ikishakupita, inakuwa nene. Honi haikubadilika, mwendo ndio uliobadilika. Gama nayo iko hivyo, kwa athari hiyohiyo ya Doppler: ikitolewa na kiini kinachokijia kigunduzi, nishati yake inasomeka juu kidogo, ikitolewa na kiini kilichonasa, inasomeka kama ilivyo. Gama ya kiloelektronivolti 500 itasomeka 515 ikitoka njiani, na kigunduzi cha jemaniamu kinatofautisha hata 2. Kwenye grafu vinasimama vilima viwili, kimoja cha waliotulia safarini, kingine cha waliotulia bandarini. Karatasi zikiwa karibu, kilima cha bandarini ni kirefu, kwa kuwa hakuna aliyepata muda wa kutulia njiani. Ukizitenganisha, kinapungua na cha safarini kinapanda. Vinapolingana urefu, umbali uliopo ukigawanywa kwa kasi ndio nusu-uhai. Fikiria: muda ambao jicho, sikio na saa haviwezi kuufikia, umesimama pale kwenye grafu kama mizani iliyotulia.

Kifaa hiki kimepewa na wenyewe jina la kitu kinachosukumwa ndani na kuvutwa nje. Darasani nilikiita mchi, na nitaendelea. Alexander na Bell wa Chalk River, Kanada, walichapisha chumba chao cha aina hii mwaka 1970, na tangu hapo kimeboreshwa sehemu nyingi, Chuo Kikuu cha Köln huko Ujerumani kikiwa na sifa ya pekee. Mashine ya kuchapua viini ni kubwa kama nyumba, na wageni wakitembezwa ndiyo wanayoipiga picha. Mimi ningekipiga picha kijikaratasi.

Kwa sababu kazi yote imelala pale. Karatasi mbili lazima ziwe bapa kabisa na ziangaliane sawasawa, kwani ukitaka kuiweka moja maikromita 5 kutoka kwa nyingine, mkunjo wa maikromita 5 umekuharibia kila kitu. Huwezi kuipiga pasi karatasi nyembamba kuliko utando wa buibui mnene. Unaiwamba. Inatandazwa juu ya pete na kuvutwa kingo zake pande zote mpaka inakaza kama ngozi ya ngoma, na kosa la mkono linaichana. Wahenga wetu wamesema mwamba ngoma huvutia kwake. Hapa ndipo mahali ambapo mwamba ngoma akivutia kwake hata kidogo ngoma imelala upande na wiki nzima ya kazi imepotea. Wanaitazama taswira ya taa juu ya karatasi: ikijikunja, kuna kasoro. Wanaivua. Wanaanza tena.

Halafu wanazisogeza karatasi zikaribiane na kuusikiliza umeme. Metali mbili zilizokaribiana bila kugusana huhifadhi chaji baina yao, na kadiri zinavyosogeleana ndivyo zinavyohifadhi zaidi. Kwa kupima kiasi hicho wanajua umbali kwa usahihi ambao rula haiwezi kuuota. Lakini sifuri iko wapi? Chembe moja ya vumbi imekaa katikati, karatasi zinadhani zimegusana kumbe bado. Kila maabara ina vumbi lake. Kwa miaka mingi sifuri hiyo isiyojulikana ilikuwa mwiba, mpaka 1989 ambapo Dewald, Harissopulos na von Brentano walieleza namna ya kuchambua vipimo ambayo haihitaji sifuri. Inatosha kujua umesogea kiasi gani kutoka pale ulipokuwa. Kati ya mambo yote ya ufundi huu, hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Walishindwa kulifuta vumbi, wakapanga hesabu ili vumbi lisiwe na la kusema.

Lipo tatizo jingine ambalo msafiri wa Mafia analielewa kuliko profesa. Kiini kilichosisimka sana hakishuki kwa hatua moja; kinashuka ngazi, daraja kwa daraja, kila daraja na gama yake. Unataka kupima muda wa daraja la chini, lakini kiini kimefika hapo kimechelewa kwa sababu kilikawia juu. Mtu akifika Kilindoni jioni badala ya adhuhuri, usiilaumu boti kabla hujajua basi lilimfikisha Nyamisati saa ngapi. Dawa waliyoipata ni ya karani mwenye akili: usimhesabu abiria yeyote ila yule uliyemwona kwa macho yako akipanda boti. Wanazunguka shabaha kwa vigunduzi vingi, na wanahesabu gama ya daraja la chini pale tu kigunduzi kingine kilipoikamata, kwa kiini hichohicho, gama ya daraja la juu. Tena wanachagua ile iliyotolewa kiini kikiwa bado njiani. Abiria wengine wote wanaachwa. Unatupa sehemu kubwa ya data uliyoihangaikia usiku kucha, ili kidogo kinachobaki kiwe na maana. Inahitaji moyo.

Ndiyo maana kipimo kimoja huchukua siku kadhaa. Umbali mmoja, saa kadhaa za kusubiri, sogeza, umbali mwingine. Watu wanapokezana zamu, kahawa inapoa, vilima vinaota taratibu kwenye kioo kama mwani.

Mchi hautoshi kwa kila kitu. Muda ukizidi, kama zile pikosekunde 1,400 za samariamu 152, unaweza kutumia saa ya umeme. Maabara nyingi zina chanzo kidogo cha yuropiamu 152 cha kusahihishia vigunduzi, nacho kinapovunjika hupitia humo humo: gama ya 1,408 inatangaza kwamba kiini kimefika kwenye daraja la 122, washa saa, gama ya 122 inatangaza kimeondoka, zima. Fuwele za lanthani bromidi zina wepesi wa kufanya hivyo. Muda ukipungua chini ya pikosekunde, unakiacha kiini kipunguze mwendo ndani ya metali nzito na kusoma honi yake inavyoshuka sauti. Kwa njia hiyo watafiti wa iThemba LABS, karibu na Cape Town, wamepima uhai wa hali za taliamu 194 kwa vigunduzi vya AFRODITE. Hapo ndipo mahali pa karibu na kwetu ambapo kazi hii inafanyika kwa mashine kamili, na ningependa kijana wa Kilindoni aijue njia ya kufika huko kama anavyoijua ya Nyamisati.

Wanafizikia hawa, kwa njia, wana kisiwa chao. Kwenye ramani yao ya viini vyote, nyutroni upande huu na protoni upande huo, kuna namba ambazo viini vyake vinatarajiwa kuwa duara na imara, na 20 ni mojawapo. Magnesiamu 32 ina nyutroni 20. Ilipaswa kuwa nazi iliyofuliwa. Mwaka 1995 watafiti wa RIKEN, Japani, waliirusha ikapita karibu na viini vya risasi, njia ambayo ni ndugu ya kupima uhai kwa kuwa inahesabu wavutaji walewale, wakaikuta imerefuka mno. Majirani zake nao wana tabia hiyohiyo, ya kugeuza kawaida juu chini, na eneo lote linaitwa kisiwa cha mgeuko. Sisi tuliozoea kusikia watu wa bara wakisema visiwani mambo ni tofauti, tunaruhusiwa kutabasamu.

Kutoka pale alipokaa fundi wa Chole unakiona kisiwa cha Juani ng'ambo, ambako wanaakiolojia wamepima umri wa mabaki ya kale kwa kaboni 14. Nusu-uhai wake ni miaka 5,730. Sheria inayoiendesha saa hiyo ndiyo inayoiendesha ile ya dafu: katika muda fulani, nusu; katika muda kama huo tena, nusu ya nusu. Nilimweleza fundi hivyo, nikamweleza na karatasi mbili, na teke, na honi, na unywele. Alikuwa akisikiliza bila kusimamisha mkono. Randa lilikuwa likienda na kurudi, na harufu ya mti mbichi ikipanda. Nilipofika kwenye kuwamba, akasimama.

“Hizo bati zenu,” akasema, “zinapigwa na moto?”

“Zinapigwa na miali, fundi. Ndiyo, zinapata joto.”

“Basi zinavimba.”

Nikanyamaza kidogo, kwa sababu swali hilo sikuwahi kuulizwa na mwanafunzi hata mmoja. Zinavimba kweli. Miali ikiwaka, karatasi inapata joto, inatanuka maikromita kadhaa, inafura kuelekea kwa mwenzake, na umbali ulioupanga asubuhi si uliopo mchana. Nikamweleza kwamba umeme uleule unaopima umbali unaachwa uangalie kazi nzima, na kuna fuwele ndogo inayorefuka na kufupika ikipewa umeme, inaisukuma karatasi nyuma kila inapofura na kuirudisha inapopoa, usiku na mchana, bila mtu kuigusa.

“Wameona mbali,” akasema.

Kisha akanyanyuka, akaenda kwenye mbao zilizopangwa nyuma yake, akavuta makuti mawili akazifunika upande ambao jua lilikuwa limeanza kuufikia.